Pedi ya Bure Chooni Iandikwe Kwenye Mkataba

Mkataba wa kuendesha choo cha umma ni karatasi chache tu, na yeyote aliyewahi kuomba zabuni ya namna hiyo katika halmashauri zetu za Kusini anayajua yaliyomo karibu yote kwa moyo. Mzabuni atawasilisha kiasi kilichokubaliwa kila mwezi kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Atahakikisha maji yapo muda wote. Ataweka sabuni ya kunawia mikono. Atapiga deki na kumwaga dawa. Atawasha taa usiku. Atatoza Sh 200 kwa kila anayeingia na kumpa risiti. Mkataba wangu una hata kifungu kinachozuia abiria kufulia nguo bafuni. Hedhi haikutajwa popote. Niliusoma upya mwaka huu, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta pa kushika, nikaona kwamba mkono ulioandika mkataba ule ulidhani wote wanaoshuka kwenye basi na kukimbilia chooni ni wanaume.

Choo ninachokiendesha kipo katika stendi ya mabasi ya mji mmoja wa mkoa wa Mtwara. Sitautaja, kwa kuwa ninayoyasema yangeweza kusemwa juu ya stendi yoyote kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu. Kazi hii imenifikisha kwenye msimamo ambao nitautetea hapa: kila choo cha umma, kiwe cha kulipia au cha bure, kinapaswa kuwa na pedi za bure upande wa wanawake, na gharama yake iingizwe kwenye mkataba pamoja na sabuni na maji, isiachiwe huruma ya mzabuni wala ukarimu wa mfadhili. Naandika pia kwa sababu mjadala huu ukiachiwa watu ambao hawajawahi kuzibua chemba huishia kwenye bei ya pedi, ilhali bei ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote.

Mwanamke wa kwetu aliyepatwa na hedhi safarini hatasema kwamba amepatwa. Atafika mezani, atalipa mia mbili yake, atapewa kipande chake cha karatasi, kisha atabaki amesimama. "Dada, naomba tishu nyingi kidogo." Mhudumu wangu wa zamu ya mchana, ambaye ni mtu mzima na mama wa mabinti, akisikia neno hilo huvuta karatasi mpaka imkunjike mkononi na kumpa bila kumtazama usoni, maana kumtazama ni kumuuliza. Zamu ya alfajiri mezani hukaa kijana wa kiume, na mbele yake hata ombi hilo la mafumbo halitolewi. Abiria huchukua kipande chake, huingia, na hujua mwenyewe atakachofanya humo ndani. Asubuhi moja tulikuta kwenye msumari wa mlangoni nusu ya mtandio mwekundu uliochanwa kwa meno. Nusu nyingine iliondoka na mwenyewe kwenye basi la Newala. Tumekuta pia soksi ya mtoto mchanga ambayo mwenziwe hakuonekana, na pindo la kanga lililokatwa vizuri kwa wembe, likabaki jina na maandishi yake yote.

Anayesema kwamba mwanamke mwenye akili husafiri na pedi yake mkobani anasema kweli kwa siku zinazohesabika. Msichana aliyevunja ungo mwaka huu hana mwezi wa kuaminika, na huenda akakaa mwaka mmoja au miwili kabla mzunguko wake haujatulia. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi naye hana. Anayetumia sindano ya miezi mitatu au kipandikizi anaweza kukaa muda mrefu bila kuona chochote, halafu matone yakaanza siku ambayo hakuitarajia, na wauguzi wa kliniki za uzazi wa mpango humweleza hivyo mapema asije akashtuka. Yupo aliyejifungua juzi, na yupo ambaye mimba imemtoka na anakimbizwa hospitali. Hao wote hupita stendi. Choo cha umma ni mahali pa dharura kwa asili yake. Aliyejiandaa kikamilifu angejisaidia nyumbani.

Umbali nao una hesabu yake. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara mjini ni zaidi ya kilomita 500, na gari lililoondoka Mbagala alfajiri hutufikia jua likiwa limeshapinda. Ushauri wa kawaida wa kiafya ni kubadilisha pedi kila baada ya saa nne hadi nane kulingana na wingi wa damu, kwa hiyo safari hiyo moja ina mabadiliko mawili, pengine zaidi. Njiani kuna Nangurukuru, ambako vyoo vipo, na kuna kule ambako kondakta hupiga kelele kwamba wanaochimba dawa washuke. Kuchimba dawa kwa mwanamume ni dakika mbili na kisogo. Kwa mwanamke aliye hedhini ni kutafuta mwenzake wa kumshikia kanga, kuchuchumaa kwenye nyasi bila maji, na kuamua pa kuitupa ile aliyoivua huku dereva akipiga honi. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara yetu maeneo ya Somanga wilayani Kilwa, magari yalikwama na abiria wakalala njiani. Habari zote nilizosikia zilikuwa za chakula kupanda bei na maji ya kunywa kuadimika. Basi moja lina wanawake ishirini au thelathini, na yalikwama mabasi mengi.

Bibi mmoja anayeuza ming'oko karibu na geti letu aliniambia, nilipomweleza ninachotaka kukifanya, kwamba tunawalea mabinti kivivu. "Mwanangu, sisi tulifundishwa unyagoni. Mtu aliujua mwezi wake, na kitambaa chake alikuwa nacho." Sikubishana naye, kwa sababu kwa sehemu kubwa ana haki. Huku Kusini hatuwezi kujifanya kwamba hedhi ni jambo lililoletwa na semina. Wamakonde, Wamakua, Wayao na sisi Wamwera tumekuwa na makungwi waliomkalisha mwali ndani na kumfundisha kwa nyimbo jinsi ya kukifunga kitambaa, kukifua, kukianika pasipoonekana, na nani aambiwe na nani asiambiwe. Yapo mambo ya unyago ninayoyapinga waziwazi, hasa kuwatoa shule watoto wa miaka kumi na kuwapa mafunzo ya kitandani, lakini elimu ile ya hedhi ilikuwa elimu kamili, na binti aliyepitia huko huwa hashangai damu yake.

Nilichomwambia bibi ni kwamba kitambaa kinataka maji. "Mama, pale ndani maji yangekuwepo na pa kuanika pangekuwepo, ningekuunga mkono." Uwanda wa Makonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, hauna mito wala visima vya karibu; maji yake husukumwa kwa mashine kutoka mabondeni kupitia mradi wa maji wa Makonde, na mashine zikisimama ndoo hununuliwa. Kukifua kitambaa kimoja cha hedhi mpaka kitakate kunakula maji ambayo kaya nzima ingepikia. Kukianika kinyemela chini ya godoro, kisipate jua, ni kujitafutia muwasho na maambukizi. Mwenye nyumba yake, maji yake na kamba yake ya kuanikia anaweza kuishi na kitambaa maisha yote, na zile pedi za kufua zinazoshonwa na vikundi vya akina mama ni kitambaa hichohicho kilichotengenezwa kwa ufundi zaidi. Nazipenda na nazisifu. Lakini mtu aliyeshuka kwenye basi kwa dakika kumi hana muda wa kufua wala mahali pa kuanika. Chooni lazima iwe pedi ya kutumia mara moja.

Serikali imewahi kulijaribu jambo hili kwa njia ya kodi. Julai 2018 pedi zilisamehewa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile ya asilimia 18, na wengi tulishangilia. Mwaka uliofuata msamaha ukaondolewa, na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, akaeleza kwamba bei kwa mtumiaji haikushuka kama ilivyokusudiwa. Wafanyabiashara walilaumiwa kwa uroho, na sina sababu ya kuwatetea, lakini ipo pia sababu ya kihesabu ambayo haikusemwa sana: bidhaa inaposamehewa kodi hiyo, mzalishaji au mwagizaji hawezi tena kurejeshewa kodi aliyoilipa kwenye malighafi, usafirishaji na huduma nyingine, kwa hiyo gharama hiyo humganda na huirudisha kwenye bei. Kisha kuna msafara wa mikono kutoka bandarini hadi duka la kijijini Nanyamba, na kila mkono hubaki na chake. Leo pakiti ya kawaida huku kwetu huuzwa kati ya Sh 2,000 na Sh 3,000. Nafuu iliyopitishwa kwenye mikono mitano ilipotelea njiani. Pedi iliyowekwa chooni haina pa kupotelea, kwa sababu anayeichukua ndiye anayeivaa.

Nchi nyingine zimeandika sheria. Scotland ilikuwa ya kwanza duniani: Bunge lake lilipitisha mswada wa mbunge Monica Lennon Novemba 2020, na tangu Agosti 2022 serikali za mitaa na taasisi za elimu zina wajibu wa kisheria wa kuhakikisha kwamba kila anayehitaji anazipata bure. Nchini Marekani, mji wa Ann Arbor katika jimbo la Michigan ulikwenda mbali zaidi mwaka 2021, ukaagiza kwamba kila choo cha umma, hata cha dukani na cha mgahawani, kiwe na pedi na tamponi, na ukaziorodhesha pamoja na sabuni na karatasi za chooni. Orodha hiyo ndiyo iliyonivutia. Hawakuzipa pedi siku yake maalumu wala bango lake. Waliziweka zinapostahili, kati ya vitu ambavyo choo kikivikosa hakijakamilika.

Hata hivyo, mfano wa kutufaa upo jirani. Kenya ilibadilisha Sheria ya Elimu ya Msingi mwaka 2017 na kuilazimu Serikali kumpa pedi za bure, za kutosha na zenye ubora kila msichana aliyebalehe katika shule za umma. Wengi wanaonukuu sheria hiyo huishia hapo. Sentensi yake inaendelea: Serikali itoe pia njia salama ya kuzitupa, isiyoharibu mazingira. Aliyeiandika sentensi hiyo ama aliwahi kufagia choo, ama alimsikiliza aliyewahi.

Sasa niingie huko chooni kwenyewe. Pedi ya kisasa ina matabaka ya plastiki na ndani yake chembechembe zinazofyonza maji na kugeuka ute mzito. Zimetengenezwa zivimbe. Ikitumbukizwa kwenye sinki la kuchuchumaa, kopo moja la maji litaipitisha mpaka kwenye kona ya bomba, na pale itakaa ikivimba taratibu mpaka ijayo iifikie. Siku ya tatu au ya nne chemba inafurika, na harufu inawafikia mama lishe walio upande wa pili wa ukuta. Fundi anakuja na waya wake mrefu, anauzungusha, na kinachotoka nacho hakisimuliki. Kama choo ni cha shimo, haizibi kitu, ila haiozi. Tenki linajaa kabla ya wakati wake, na gari la kunyonya majitaka likija mpira wake unaziba, dereva anagoma, au anataka nyongeza. Kila mzabuni wa choo ninayemfahamu amewahi kubandika tangazo la kukataza kutupa pedi chooni. Hakuna tangazo lililowahi kufanya kazi, na kwa muda mrefu nilisikia maelezo yaleyale kwamba wanawake ni wachafu.

Si wachafu. Wanaogopa, na sababu za hofu yao zinajulikana na kila mtu aliyezaliwa huku. Damu ya mwanamke huaminika kuwa ni kitu ambacho mwenye nia mbaya anaweza kukichukua akakitumia kumfunga kizazi, kumwita kwa mganga au kumharibia ndoa. Unaweza kuliita imani ya ushirikina. Mimi mwenyewe silihofu sana. Lakini ndoo wazi iliyowekwa pembeni ya choo cha stendi, mahali ambapo watu mia wasiojuana hupita kwa siku na machinga wa chuma chakavu huchokonoa kila pipa, ni kumwambia mwanamke akiache kitu chake cha siri kabisa mikononi mwa wageni. Shimo kwake ni salama zaidi, kwa sababu kilichozama hakichukuliwi. Ndiyo maana wengine huifunga kwenye mfuko mweusi na kusafiri nayo mpaka kwao, wakiivumilia kwenye mkoba katika joto la Novemba.

Tulipolitambua hilo tulinunua ndoo za kukanyaga zenye mfuniko, moja kwa kila tundu, na nyuma ya choo fundi akatujengea kizimba cha matofali manne kwa manne na kuweka pipa la chuma lenye wavu chini na bomba la moshi juu, ambalo bwana afya alilikagua na kutuelekeza lisogezwe mbali na ukuta wa mama lishe. Ndoo zilikaa karibu tupu. Kilichobadilisha mambo ni swali la abiria mmoja, mama wa makamo aliyevaa baibui, ambaye alitoka ndani akamvuta mhudumu pembeni na kumnong'oneza: "Hizi zinachomwa na nani, na zinachomwa lini?" Mhudumu alimjibu kwamba ni yeye mwenyewe, kila jioni baada ya magari ya Masasi kuondoka, na akamwonyesha pipa. Yule mama akarudi ndani. Tangu siku hiyo mhudumu huwaambia wanawake waziwazi, kwa sauti ya chini, kwamba kilichomo kwenye ndoo huteketezwa jioni na mwanamke mwenzao na hakilali. Ndoo zikaanza kujaa. Fundi wa waya sasa tunamwona akipita akinunua korosho, si akija kuzibua.

Kwa hiyo anayetaka kuanza na pedi kabla ya ndoo, kichomeo, maji na komeo la mlango anaanza mwisho. Komeo nalitaja makusudi. Kubadilisha pedi kunahitaji mikono miwili, na katika vyoo vingi vya umma nilivyoviingia mkono mmoja ndio unaoshikilia mlango. Msumari wa kutundika mkoba nao ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwani sakafu huwa imelowa. Vitu hivyo viwili havifiki Sh 10,000 kwa tundu moja, na bila hivyo pedi ya bure itavaliwa vibaya au haitavaliwa kabisa.

Gharama ya pedi zenyewe niliahidi kwamba ni sehemu nyepesi, kwa hiyo nitaipiga hesabu kwa mfano. Tuchukue choo kinachoingiwa na wanawake 200 kwa siku, yaani makusanyo ya Sh 40,000 kutoka upande wao peke yake. Tuseme 150 kati yao wako katika umri wa kupata hedhi. Ikiwa kila mmoja hutoka damu siku tano katika kila siku 28, basi walio hedhini siku hiyo ni kama 27. Walio wengi wamekuja na zao. Tuseme mmoja kati ya kila watano ameshtukizwa, au pedi zimemwishia. Hao ni watano au sita. Pedi moja, kwa bei ya rejareja, ni kama Sh 300. Jumla haifiki Sh 2,000 kwa siku, ambayo ni chini ya asilimia tano ya kile ambacho wanawake hao hao wamekilipa mlangoni. Ukiikuza mara mbili kwa ajili ya wanaochukua ziada, bado ni fedha ndogo kuliko ninayotumia kwenye dawa ya kumwaga na karatasi. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, stendi hufurika watu na makusanyo hupanda pamoja na matumizi, kwa hiyo uwiano haubadiliki sana.

Wapo wanaosema zitaibwa. Kwanza, zitachukuliwa zaidi, na hilo nimeliingiza kwenye hesabu. Anayechukua tatu badala ya moja, mara nyingi ni kwa sababu siku nne zilizobaki nazo hana cha kuvaa, na sioni aibu ya kumpa. Wa kuogopwa ni yule anayebeba zote akauze, na dawa yake si kamera. Tunazitoa kwenye pakiti na kuziweka moja moja kwenye kikasha upande wa ndani wa wanawake, chache kwa wakati, mhudumu akiongeza kila anapoingia kupiga deki. Pedi moja iliyotoka kwenye pakiti yake haina soko stendi. Kikasha lazima kiwe ndani, mbali na meza ya malipo, ili asiwepo wa kuombwa. Pedi inayotolewa kwa kuombwa itabaki hapo hapo mezani, kama nilivyoeleza juu ya kijana wangu wa alfajiri.

Kuna bwana mmoja, dalali wa tiketi, aliyeniuliza kwa kejeli wanaume watapewa nini. Nilimkumbusha kikasha cha kondomu za bure kilichopo ukutani katika vyoo vya ofisi nyingi za umma na nyumba za wageni. Serikali inazigawa kwa miaka mingi sasa, watu huchota wakatia mifukoni hata zaidi ya wanazohitaji usiku ule, vikasha huisha na kujazwa tena, na hakuna aliyesimama kwenye kikao akadai kwamba mradi huo ufutwe kwa sababu wanaume ni wezi. Tendo ambalo mtu huamua kulifanya limewekewa kikasha. Damu isiyoomba ruhusa ya mtu haijawekewa.

Ninachokikataa ni kulifanya jambo hili kuwa sherehe. Kila Mei 28, Siku ya Hedhi Duniani, huku kwetu nako huwa na hema, fulana, mgeni rasmi na mabinti wa shule waliopangwa mstari, kila mmoja amenyanyua pakiti mbele ya kifua ili apigwe picha. Sina ugomvi na wanaotoa; pakiti ni pakiti. Ila pakiti ya Mei imekwisha kabla ya Juni kwisha, na binti aliyepigwa picha ameshajulikana mtaa mzima kuwa anaona siku zake, jambo ambalo kungwi wake alimwambia alifiche. Choo hakipigi picha. Hakiulizi jina wala shule. Atakayeitumia pedi yake hatajulikana hata na mimi ninayeilipia, na hiyo ndiyo heshima ninayoitaka kwa wateja wangu.

Hivyo pendekezo langu ni la kikaratasi zaidi kuliko wengi wangetaka. Kila halmashauri ya Lindi na Mtwara inapotangaza zabuni ya choo cha stendi, soko au mnada, iongeze kifungu kimoja kwenye masharti: mzabuni ataweka pedi za bure ndani ya upande wa wanawake, ndoo yenye mfuniko katika kila tundu, na utaratibu wa kuteketeza kila siku chini ya usimamizi wa afisa afya. Wazabuni wote wataiweka gharama hiyo kwenye bei zao, na hakuna atakayepoteza zabuni kwa sababu ya kuwa na huruma kuliko mwenzake. Hivi sasa mimi ninayeziweka kwa hiari nashindana na mtu asiyeziweka, na yeye anaweza kuahidi halmashauri kiasi kikubwa zaidi. Vyoo vya bure, vya zahanati na ofisi za kata, vilipiwe kutoka mapato ya ndani. Halmashauri zetu zinatoza ushuru wa mazao wa hadi asilimia tatu kwenye korosho, na korosho hizo wanawake wameziokota chini ya mikorosho wakiwa wameinama tangu asubuhi. Asilimia nne ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi vya wanawake nayo inaweza kuwakopesha wanaoshona pedi za kufua kwa ajili ya nyumbani na shuleni, ingawa huo ni mradi mwingine wenye matatizo yake, na sitaki uchanganywe na huu.

Limebaki jambo moja ambalo sijalimaliza hata katika kichwa changu, nalo ni ile mia mbili. Pedi ya bure iliyo nyuma ya meza ya malipo si ya bure kwa asiye na mia mbili, na wapo. Mwanafunzi anayerudi bweni, muokota korosho ambaye hajalipwa. Mhudumu wangu huwapitisha wengine bila risiti, nami hujifanya sijaona, lakini mashine ya risiti inahesabu na mkaguzi naye anahesabu. Nimeandika kwenye barua yangu ya mapendekezo kwa halmashauri kwamba mwanamke au msichana anayesema ana dharura aingie bila kulipa na asiulizwe dharura gani. Mweka hazina wa halmashauri ameniambia kwamba kifungu cha pedi anaweza kukitetea ila hicho kitaleta hoja ya ukaguzi. Diwani wetu wa viti maalumu anadhani kinaweza kupita kikiandikwa kuwa msamaha wa ada, kama ule wanaopewa wazee. Rasimu ya bajeti inapelekwa kwenye kamati ya fedha mwezi Januari, na mkataba wangu unaisha Juni 30.